Daktari anayefunga mafundo kwenye benchi hachezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika majuma machache yaliyopita. Alikwenda hospitali na mama yake mzazi, akamkuta daktari kijana amekaa kwenye benchi la korido, kainamisha kichwa, "anachezea uzi". Kwa maelezo yake, kijana yule alikuwa amefunga uzi kwenye ubao wa benchi, fundo juu ya fundo, mpaka benchi likaota ndevu, na foleni ipo. Msomaji akamalizia kwa kuuliza kama hawa ndio madaktari tunaowasomesha kwa kodi zetu.

Ndio hao, kaka yangu. Na ningekuwepo ningempelekea chai.

Tuanze na foleni, ili tusigombane. Kama wagonjwa walikuwa wanamsubiri yeye naye anafunga uzi, una haki, na barua yako ni halali. Lakini mimi nimekaa hospitali miaka mingi, najua daktari wa mafunzo kwa vitendo anavyosubirishwa. Anasubiri majibu ya maabara, anasubiri damu, anasubiri mkubwa wake atoke raundi, anasubiri thieta ipigwe deki baada ya kesi ya usaha. Muda huo wengi wanaumalizia kwenye simu. Huyu alitoa uzi mfukoni.

Niseme mimi ni nani. Si daktari. Ni muuguzi mstaafu. Nilianza kazi ya chumba cha upasuaji mwaka 1983 katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na mpaka nastaafu kazi yangu ilikuwa kusimama mezani ng'ambo ya daktari, trei ya vifaa mbele yangu. Sista, ateri. Sista, uzi. Sista, kata. Wilayani watu ni wachache, kwa hiyo anayekabidhi vifaa mara nyingi ndiye anayekata nyuzi pia, na huko kukata ndiko kulikonifundisha. Anayekata ncha baada ya fundo kufungwa analiona fundo lile kwa karibu kuliko yeyote chumbani, hata aliyelifunga, maana jicho la mwenzake limeshahamia kwenye mshipa unaofuata. Nimekata nyuzi za mabingwa waliotoka hospitali kubwa za Muhimbili na KCMC, za madaktari wasaidizi waliobeba operesheni za uzazi za wilayani tangu zamani, za wageni wa Ulaya waliokuja kwa miezi michache, na za vijana walioshika uzi kwa mara ya kwanza huku mama amelala mezani, tumbo liko wazi. Hawa wa mwisho ndio walionifanya nichukue kalamu.

Watu wakisikia upasuaji wanafikiria kisu. Kisu ni kazi ya dakika chache. Ukishakata, kila unapopita panatoka damu, na kila panapotoka damu lazima pazibwe. Ipo mashine ya umeme ya kuunguza vimishipa vidogo, ikiwa nzima na umeme ukiwepo. Mishipa mikubwa inataka uzi: inayolisha mfuko wa uzazi, ya mrija uliopasuka kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko, na ile ya kwenye operesheni za ngiri na mabusha ambazo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Daktari anabana mshipa kwa ateri, kile kibanio cha chuma chenye meno ya kujifunga. Anapitisha uzi nyuma ya ncha yake, anapiga pigo la kwanza la fundo, analisukuma chini kwa kidole cha shahada mpaka ligote, na hapo msaidizi anaachia ateri polepole huku fundo likikazwa. Akiachia mapema, mshipa unachomoka na kuzama, mtautafuta kwenye dimbwi. Akichelewa, uzi unabana chuma badala ya nyama. Kisha pigo la pili, la tatu, nami nakata. Kwa mkono uliozoea, yote hayo ni muda wa kusema bismillahi.

Kazi yenyewe iko kwenye pigo la pili. Ukianza kwa kupitisha uzi wa kulia juu ya wa kushoto, la pili upitishe wa kushoto juu ya wa kulia, na mikono ibadilishane upande, ivute mmoja huku na mwingine kule katika mstari ulionyooka, uzi ulale bapa. Fundo lililolala hivyo, kadiri linavyovutwa ndivyo linavyojikaza. Ukirudia pigo lilelile kwa upande uleule, unapata kitu ambacho kwa jicho la haraka ni fundo zuri, kumbe linateleza. Na hata ukipiga sawasawa, ukivuta mkono mmoja kwa nguvu kuliko mwingine, uzi mmoja unanyooka wima na mwenziwe anauzunguka tu, anapanda na kushuka juu yake. Nahodha yeyote wa jahazi anaijua tofauti hii, na hajasoma udaktari.

Anayetaka kujipima nyumbani achukue uzi mweusi na uzi mweupe, azifungie pamoja fundo moja la mapigo mawili, mweusi mkono wa kulia na mweupe wa kushoto. Likiwa sahihi, ataona vitanzi viwili vilivyoshikana, kila rangi imetoka upande wake na ncha zimelala sambamba na uzi wake. Likiwa bovu, ncha zinachomoza pembeni, zinauvuka uzi. Nimewaona watu wenye shahada wakilitazama jaribio hili kwenye meza ya chai na kunyamaza.

Ubaya wa fundo bovu ni kwamba mezani halijitangazi. Mama aliyeletwa mimba imepasuka nje ya mfuko amepoteza damu nyingi, presha iko chini, na presha ya chini haisukumi. Panaonekana pakavu. Mnahesabu vitambaa na vyuma, mnafunga tumbo, mnashukuru Mungu. Mgonjwa anaongezewa maji na damu, anapata joto, presha inapanda kurudi mahali pake, na ndipo fundo linapopimwa kwa mara ya kwanza. Saa nane usiku muuguzi wa wodi anapiga simu: mapigo ya moyo yanakimbia, tumbo linajaa, mgonjwa ana kiu na hatulii.

Niliitwa usiku wa namna hiyo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulipofungua tumbo tulikuta kitanzi cha uzi kimelala peke yake pembeni ya shina la mrija, mapigo yote matatu ya fundo yapo, hakuna lililofunguka. Mapigo yalipigwa upande mmoja, fundo likalegea, kitanzi kikapanuka, mshipa ukachomoka katikati yake. Yule mama alipona kwa sababu ndugu zake wawili waliofaa kumtolea damu walikuwa wamelala kwenye jamvi nje ya wodi, hawakuwa wamerudi kijijini. Aliyefunga uzi ule alikuwa kijana mwenye akili nyingi, anayeweza kukutajia kila mshipa wa nyonga kwa jina lake la Kilatini. Hakuna mtu aliyewahi kumkalisha na uzi na kiti cha kufungia.

Kwenye mabusha mambo hayafiki huko, lakini aibu ni ileile: mwanamume anaamka asubuhi mfuko umejaa damu kuliko maji aliyokuja nayo, na kijiji kizima alikotoka hakuna atakayekuja tena kufanyiwa mwaka huo.

Mtaniuliza, wewe uliyekuwa unayaona mafundo mabovu ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Wakati ninaanza kazi muuguzi hakumwambia daktari kwamba fundo lake baya, tena mbele ya mtu wa dawa ya usingizi na mwanafunzi. Nilikuwa na maneno yangu: "Daktari, nikupe uzi mwingine?" Mwenye kuelewa alielewa, akapiga fundo jingine juu yake au akarudia kwa uzi mpya. Wapo walionijibu, "Huu unatosha, Sista," nami nikajifanya mkasi wangu butu mpaka wakatazama tena. Wakongwe wa kazi hawakunisubiri nianze. Walikuwa wakiuliza wenyewe: "Sista, unalionaje hilo?" Nilikuja kugundua kwamba wanaouliza ndio hao hao ambao wagonjwa wao hawaturudishi thieta usiku.

Hodari kuliko wote niliofanya nao kazi alikuwa daktari msaidizi, sasa ni marehemu. Hakuwa na shahada. Alikuwa na uzi. Ulifungwa kwenye kifungo cha koti lake jeupe wakati wote, na kwenye mkutano wa asubuhi, ripoti ya usiku ikisomwa, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifunga peke yake bila yeye kuutazama. Kijana akija kujifunza kwake, hakumruhusu kufunga ndani ya tumbo la mtu mpaka apite kwenye kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, tupu, limetobolewa kitako na kupitishwa msumari uliopindwa ndani. Unaliweka mezani bila kulishika. Unaingiza uzi, unazungusha kwenye msumari chini kabisa, unafunga. Ukivuta kuelekea juu, kopo linanyanyuka, na yeye anasema, "Umeshaung'oa mshipa, anza upya." Maana mama mwenye nyonga ya kina hana tofauti na kopo hilo: mikono yako iko juu, fundo liko chini, na nguvu yote lazima ipite kwenye ncha ya kidole kinacholisukuma fundo kwenda chini, si kwenye viwiko vinavyovuta kwenda juu. Kopo lilikaa juu ya kabati ya thieta miaka mingi. Siku moja alikuja mkaguzi akaamuru litupwe kwa sababu halimo kwenye orodha ya vifaa. Kweli halikuwemo.

Njia zake nyingine naziandika hapa kwa faida ya huyo kijana wa benchi. Alianza na kamba ya kiatu, nene, ili macho yaone kila mzunguko unapita wapi. Baadaye uzi wa cherehani. Baadaye mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule unaopatikana dukani karibu na soko lolote la samaki, kwa sababu nailoni ni mkaidi, inakumbuka ilivyoviringishwa kwenye kibonge na inataka kurudi huko. Hariri inatulia kwa mapigo matatu, Vicryl, uzi wa kiwandani unaoyeyuka mwilini, tulizoea kuipa manne, nailoni matano au sita, na anayeifunga nailoni kwa hesabu ya hariri atakuta imejifungua. Katiguti, ule uzi wa zamani wa utumbo wa mnyama, kwa waliobahatika kuisahau, ilikuwa inavimba ikilowa, kwa hiyo hukukata ncha zake karibu na fundo hata daktari akikuharakisha.

Mikono ikizoea, aliwapaka sabuni, kwa sababu damu inateleza. Kisha glavu. Kisha anawaambia wafumbe macho. Hilo la macho vijana walilicheka mpaka siku umeme ulipokatika katikati ya operesheni ya uzazi na jenereta ikagoma. Nilishika tochi mimi, na mwanga wa tochi unaangaza unapoelekezwa tu, vivuli vya mikono vinafunika kila kitu. Aliyejifunza kwa vidole aliendelea kufunga. Mwenzake aliyejifunza kwa macho alisimama na kusubiri taa.

Vilikuwepo pia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, viwili vimetandazwa na kuvutwa kwenye ubao wenye misumari, uvikutanishe kwa uzi bila kuvirarua. Huo ni wa kufundisha pigo la kwanza la mizunguko miwili, linaloshika lenyewe wakati nyama inavutana na hujapiga la pili. Na maini ya mbuzi. Kipande cha ini, uzi, ufunge. Ukikaza kwa hasira, uzi unakata ini na kutokea upande wa pili. Nyama ya mgonjwa mwenye uchungu wa siku mbili, mfuko wake wa uzazi umechoka na kuvimba, haina uvumilivu zaidi ya hilo ini. Nyumbani kwa daktari wangu huyo walikula maini mengi sana ya mbuzi yenye matundu, mkewe ndiye aliyenisimulia.

Vijana wanapenda kuanza na fundo la mkono mmoja kwa kuwa linapendeza kutazamwa. Yeye alikataa. Mikono miwili kwanza, mpaka isikosee, halafu kulia peke yake, halafu kushoto peke yake, kwa sababu kuna pembe za mwili ambazo mkono wa kulia haufiki ila umzibe mwenzako. Na mwenye mashoto alimwacha na mashoto yake. Tulipata binti mmoja wa mashoto ambaye chuoni walikuwa wamemlazimisha kulia mpaka akawa hana mkono hata mmoja. Alimkalisha ng'ambo ya meza, wakatazamana, binti akawa anaiga anachokiona mbele yake. Leo ni daktari bingwa wa wanawake mahali fulani, na nikisikia sauti yake kwenye simu ananiita mama.

Sitaki nieleweke kwamba kila kitu kifungwe kwa mkono. Fundo la chombo, linalopigwa kwa kuuzungusha uzi kwenye kishikio cha sindano, linaokoa uzi mwingi, na uzi ni pesa. Sehemu nyingi ndugu wa mgonjwa ndio wanaotumwa duka la dawa kuununua, usiku, kwa bei ya usiku. Daktari anayeshona ngozi kwa fundo la mkono anamaliza pakiti mbili mahali pa moja na hajui nani amelipa. Ngozi, funga kwa chombo. Shina la mshipa mkubwa, ncha ya jeraha kwenye mfuko wa uzazi pale ambapo uzi wa kwanza lazima uvuke mwisho wa mkato, hapo nataka vidole, kwa sababu chuma hakikuambii uzi umekaza kiasi gani.

Kuna mfano mmoja ambao bingwa aliyetutembelea alitusimulia na mimi sijausahau, kwa kuwa unanihusu kwa upande wa mama. Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, mshipa mkubwa wa kwenda kwenye ini ukakatika, akafa, na madaktari wa mji ule uliosifika kwa tiba hawakuwa na namna ya kuushona. Kijana mmoja anayesomea udaktari papo hapo Lyon, Alexis Carrel, alisema mshipa ni kitu kinachoshoneka. Lyon ni mji wa hariri. Akaenda kwa mwanamke fundi wa kutarizi, Madame Leroudier, akakaa chini na kufundishwa sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 akachapisha njia yake ya kuunganisha mishipa ya damu, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Upandikizaji wa figo unaofanyika leo umepita mikononi mwa yule mama wa Lyon.

Mama yangu alikuwa akishona kofia za vito. Wanaozijua wanajua: kitundu kimoja kimoja kwa sindano, miezi inakatika kofia moja haijaisha, na fundo la mwisho halionekani popote. Watoto wake wa kike wote tulishikishwa sindano kabla ya kalamu. Nilipoingia thieta, mwalimu wetu aliniuliza nani kanifundisha kushika uzi, nikamwambia, akadhani namtania. Huko Unguja na pwani yote bado wapo mabinti wanaoshona kofia, na baadhi yao wanasoma sayansi. Sioni kwa nini mtu wa aina hiyo akifika chuo cha udaktari aambiwe mikono ni kazi ya mafundi.

Mwafrika mwenzetu naye ametufundisha kitu. Christopher B-Lynch, daktari aliyezaliwa Sierra Leone na kufanya kazi Uingereza, mwaka 1997 alieleza mshono wa kuokoa mfuko wa uzazi unaovuja damu baada ya mama kujifungua, badala ya kuutoa. Uzi mmoja mrefu unapita juu ya mfuko pande mbili na kurudi chini. Msaidizi anauminya mfuko kwa mikono yote miwili, na wakati ameuminya daktari anavuta na kufunga. Nimewahi kuwa hiyo mikono miwili. Unaminya, vidole vinakufa ganzi, na hapo ndipo unajua aliye mbele yako alishawahi kufunga kitu kinachovutana au ndio anajaribu. Fundo likilegea kidogo, mfuko unajaa tena na kazi yote imekwenda. Uzi wenyewe ni wa kawaida.

Sasa niseme ninachotaka, maana nimemtetea kijana vya kutosha.

Daktari wa mafunzo ana daftari lake la kumbukumbu, analijaza: operesheni alizosaidia, alizofanya, sahihi ya msimamizi. Sijaona mahali panapouliza kama mikono yake inaweza kufunga fundo lisiloteleza. Pawepo. Kabla hajasimama mezani upande wa kisu, aketi mbele ya mtu, afunge kwenye kopo, afunge kwa glavu zilizolowa, afunge amefumba macho, afunge kwenye ini, na nyuzi nyeusi na nyeupe zikaguliwe. Ni jambo la nusu saa. Midoli ya mpira na skrini za kujifunzia upasuaji zinazoletwa na wafadhili ni nzuri, nimeziona, nimeona pia zikifungiwa kabatini zisiharibike na ufunguo ukasafiri na mtu kwenye semina.

Mtauliza uzi utatoka wapi. Unatoka bohari. Kila hospitali ina maboksi ya uzi uliokwisha muda wa matumizi. Yanatengwa, yanaorodheshwa, yanasubiri kuteketezwa, na TMDA, wale wasimamizi wa dawa na vifaa tiba, wana sababu zao za kusisitiza yasirudi kwa mgonjwa. Nilikuwa upande wao siku zote. Lakini uzi uliokwisha muda unafunga kopo na mguu wa kiti bila tatizo. Hofu ni moja tu, usije ukajipenyeza tena kwenye trei. Dawa yake ni kuzifungua pakiti zote palepale bohari, mbele ya mfamasia, kabla hazijatoka mlangoni: uzi uliofunguliwa haumo tena kwenye hesabu ya vitu safi, na hakuna muuguzi mwenye akili atakayeuweka mezani. Weka kwenye ndoo, andika kwa herufi kubwa SI KWA MGONJWA, peleka kwa wanafunzi. Mabaki ya uzi uliotumika kwenye operesheni yasiguswe, hayo yana damu ya watu, yaende yanakokwenda.

Na glavu, Mhariri, hili naliongeza hata ukilikata. Hospitali nyingi nilizopita huagiza glavu za upasuaji saba na nusu na nane, kwa sababu aliyepitisha oda ana mikono ya saba na nusu au nane. Madaktari wa kike sasa ni wengi, na mikono yao mingi ni sita na nusu. Glavu kubwa ina ncha tupu mbele ya kidole, na ncha ile inaingia kwenye fundo. Nimekata glavu na uzi pamoja si mara moja, daktari amejifunga mwenyewe kwenye mshipa wa mgonjwa, na lawama zikamwendea kwamba mikono yake mizito.

Wauguzi wastaafu wa thieta tupo kila wilaya, tumekaa barazani. Wengi wetu hatujawahi kufanya operesheni hata moja, lakini fundo bovu tunalijua hata ukiliweka chini ya mkeka. Kwangu vijana wa mafunzo wanakuja Jumamosi baada ya alasiri, kwa kuambizana wenyewe, hakuna aliyetuma barua wala kutoa posho. Ninayo kamba ya viatu, mshipi, mpira wa baiskeli, na nimetengeneza kopo jingine, safari hii la rangi ili wajukuu wasilitie maharage. Kama yule kijana wa benchi yuko karibu na Tanga, aulize wenzake watamwelekeza. Maini ajinunulie, na glavu aje nazo za saizi yake, kwangu zimebaki sita na nusu tu.

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji,
Tanga
(Jina langu analo Mhariri)